Jina Lililo Kwenye Santuri

Nilimwaibisha mzee aliyekuwa akisema kweli. Nilimwaibisha hewani, na waliosikia ni wengi, kwa hiyo kuungama faraghani hakutoshi.

Nilikuwa nikitangaza kipindi cha nyimbo za injili za kantri, Jumapili alfajiri, katika kituo kimoja cha redio hapa Kenya. Wapenzi wa muziki huu kwetu si haba. Waliolelewa na sauti ya Jim Reeves wananielewa. Kila nilipocheza "Can the Circle Be Unbroken", ambao familia ya Carter iliurekodi mwaka 1935, niliwaambia wasikilizaji kwamba aliyeutunga ni A.P. Carter wa milima ya Virginia, baada ya kumzika mama yake. Jina la Carter ndilo lililoandikwa kwenye lebo, nami sikutafuta zaidi.

Mwalimu mmoja wa kwaya, mstaafu, akaniandikia barua kwa mwandiko mzuri wa kizamani. Alisema kiitikio kile alikiimba ujanani kutoka kitabu cha nyimbo za kanisa, na kwamba maneno yake ya kwanza yaliandikwa na mwanamke. Niliisoma barua hiyo hewani, kisha nikamjibu: "Mzee wangu, wewe shika tenzi zako, santuri tuachie sisi." Wenzangu studioni wakacheka. Hakuniandikia tena.

Wimbo wa asili ni wa mwaka 1907. Maneno ni ya Ada Habershon, Mwingereza, na muziki ni wa Charles Gabriel, Mmarekani. Carter alibadilisha beti, akaleta habari za mazishi ya mama, kiitikio akakigeuza kidogo. Kazi aliifanya, na mpaka leo gitaa la Maybelle, mwenzake katika kundi la familia ya Carter, hunisimamisha katika rekodi zao: dole gumba linaimba kwenye nyuzi nene huku vidole vingine vikipapasa nyembamba. Lakini mtunzi wa kwanza alikuwa mwingine, na mzee alijua.

Nilipoanza kusoma kwa bidii ndipo nilipoelewa jinsi majina yalivyofika kwenye lebo. Ralph Peer, aliyewarekodi kina Carter kwa mara ya kwanza mjini Bristol mwaka 1927, alipata fedha zake kutokana na hakimiliki. Alitaka waimbaji walete nyimbo ambazo hazijasajiliwa na mtu, au za kale zilizofanyiwa mabadiliko, ili zisajiliwe upya. A.P. Carter akawa mtu wa safari, akibisha hodi kwa wenye nyimbo.

Mara nyingi alifuatana na Lesley Riddle. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Riddle alikuwa Mmarekani Mweusi, mpiga gitaa, aliyepoteza mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji. Carter aliandika maneno. Riddle alizishika tuni kichwani mpaka warudi nyumbani kuwafundisha Sara na Maybelle, waimbaji wenzake Carter. Maybelle alijifunza kwake hata baadhi ya mitindo ya kupiga gitaa. "When the World's on Fire", waliourekodi mwaka 1930, waliupata kwake. Kwenye santuri hizo jina lake halimo. Mwanamuziki Mike Seeger alianza kumrekodi Riddle mwaka 1965, na albamu yenye sauti yake ilitoka mwaka 1993, mwenyewe akiwa ameshafariki. Miaka yote ile ya kipindi changu sikumtaja hata mara moja, nami ni Mwafrika ninayewachezea Waafrika wenzangu.

Nilifanya vivyo hivyo kwa wengine. "Peace in the Valley" niliuita wimbo wa Red Foley, kwa sababu ya rekodi yake ya mwaka 1951, ilhali mtunzi ni Thomas Dorsey, Mweusi wa Chicago. Muziki wa blugrasi nao niliuhesabu kuwa wa Bill Monroe peke yake, wakati Monroe mwenyewe hakuficha alichojifunza kwa Arnold Shultz, mwanamuziki Mweusi wa kwao Kentucky.

Baadaye nilifanya masahihisho hewani. Niliyafanya haraka, katikati ya nyimbo mbili: nikamtaja Habershon, nikamtaja Gabriel, nikaendelea. Barua sikuigusa wala kile kicheko, ikawa kana kwamba nimegundua mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo halikuwamo hata katika masahihisho hayo. Mzee wangu, kuhusu jina la mtunzi naweza kusema nilidanganywa na lebo. Lakini kwamba Carter alitunga wimbo ule baada ya kumzika mama yake, sikulisoma popote wala sikuambiwa na mtu. Nilisikia beti zinasimulia mazishi, nikaunda kisa, nikakirudia hadi wasikilizaji wakanipigia simu kunisimulia walivyolia. Kisa hicho nilikitunga mimi. Naomba radhi kwako, na kwao.