Bibi Aliona, Sababu Hakuijua

Binti wa dada yangu alivunja ungo akiwa na miaka 13, kwetu Kilindoni, kisiwani Mafia. Mwaka haujapita, akaanza kulalamika maumivu ya viungo. Kila aliporudi mwambani kutafuta pweza, uso ulimwiva kutoka shavu moja hadi la pili, mfano wa kipepeo aliyetandaza mabawa.

Mama yetu, bibi yake, alisema: "Mtoto huyu alikuwa mzima mpaka alipovunja ungo. Kuna jini limempenda." Ubani ukafukizwa miezi minane. Nami niliyesoma, nifanyaye kazi Dar es Salaam, nilituma fedha za mganga bila kuuliza lolote. Hilo ni kosa langu.

Miguu ilipovimba tulimvusha kwa mashua hadi Nyamisati, kisha kwa basi mpaka mjini. Daktari alipopima damu na mkojo alisema ni lupasi: maradhi ambayo askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe. Figo zilikuwa zimekwisha kuguswa.

Kwa aibu nikamweleza maneno ya mama. Hakucheka. "Mama ameona sawa," alijibu, "ila sababu ndiyo siyo." Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, 9 hivi ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 45, wengine, kama binti yetu, hutangulia. Kabla ya balehe, tofauti baina ya wasichana na wavulana ni ndogo zaidi. Estrojeni, homoni ya kike, huwachochea askari wale; homoni ya kiume huwatuliza. Homoni peke yake haileti ugonjwa. Urithi wa damu umo, na jua huuchochea. Lakini balehe huweza kuufungulia mlango.

Leo ana miaka 16. Kila siku humeza haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ambayo Tanzania iliiacha katika kutibu malaria mwaka 2001. Mwambani haendi tena. Husuka mikeka kivulini, na figo zake huchunguzwa daima.

Wazazi wenzangu, binti akiugua baada ya kuvunja ungo, tusimfiche wala kumsingizia jini. Jicho la bibi ni shahidi mwema. Ushahidi wake tuufikishe kwa daktari mapema, figo zingali nzima.