Akina Mama, Tusile Lori Bila Kujua

Hapa Isaka malori ni sehemu ya maisha yetu. Tangu bandari kavu ilipojengwa, mizigo mingi ya Rwanda na nchi jirani imekuwa ikishushwa hapa kutoka kwenye treni na kupakiwa kwenye malori. Mengine hupita kuelekea Kahama na Geita kwenye migodi ya dhahabu. Wengi tunakula kwa malori hayo ingawa hatujui kuyaendesha. Wako wenye waume madereva, wako wauza chakula, na ziko familia zilizouza ng'ombe, zikaongeza na mkopo, zikanunua lori lao wenyewe.

Sisi ni wauguzi tunaojitolea kanisani katika huduma ya kuwatembelea wajane. Leo tunaandika juu ya jambo ambalo pengine utaliona ni la akina baba: kodi ya lori, na punguzo ambalo sheria hulitoa kwa sababu lori huchakaa. Yale tuliyoyaona katika nyumba za wajane yametufundisha kwamba jambo hili ni letu pia.

Tulimtembelea mama mmoja aliyeachiwa malori mawili. Mumewe alikuwa mchapakazi, lakini hesabu zote zilikuwa kichwani mwake. Risiti za mafuta zilibaki ndani ya gari mpaka zikafutika maandishi. Baada ya mazishi, mama yule akiwa msimamizi wa mirathi, yalikuja makadirio ya kodi ya mapato. Wenye mizigo walikuwa na kumbukumbu za kila walichomlipa marehemu. Yeye hakuwa na kumbukumbu za yale marehemu aliyoyatumia. Hivyo karibu fedha yote iliyoingia ilionekana kuwa faida.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipa kodi siku 30 za kuweka pingamizi tangu apokee makadirio. Inamtaka pia alipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichobishania, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Katika sanduku la nguo, katikati ya ripoti za shule za watoto, tulipata mkataba wa kununulia lori la kwanza. Lori hilo likahesabiwa uchakavu wake na kodi ikapungua. La pili lilinunuliwa kwa kuaminiana, bila karatasi. Hakuna aliyeweza kuonyesha bei yake, na punguzo lake halikupatikana. Mama yule aliliuza ili amalize deni.

Sasa, uchakavu ni nini? Sisi watu wa Usukumani tunaweza kuuelewa kwa kumtazama maksai wa kulimia. Mwaka wa kwanza ana nguvu, mwaka wa tano amechoka. Mkulima mwenye busara hasemi kwamba mavuno yote ni faida, kwa sababu anajua sehemu ya nguvu za maksai imebaki shambani. Lori nalo ni hivyo. Kila safari ya Rusumo inapunguza thamani yake.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inalitambua jambo hilo. Mtu hawezi kutoa bei yote ya lori kwenye mapato ya mwaka mmoja, bali hutoa sehemu yake mwaka hadi mwaka. Malori mazito, tela, na mabasi ya abiria 30 au zaidi hupunguzwa kwa asilimia 25 ya thamani iliyobaki. Magari madogo, mabasi ya abiria chini ya 30, na magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani 7 hupunguzwa kwa asilimia 37.5.

Hebu tuchukue mfano wa lori zito lililonunuliwa kwa Sh 80,000,000 na kufanya kazi mwaka mzima. Punguzo la mwaka wa kwanza ni Sh 20,000,000, na thamani inayobaki ni Sh 60,000,000. Mwaka wa pili punguzo ni Sh 15,000,000, na zinabaki Sh 45,000,000. Mwaka wa tatu ni Sh 11,250,000. Siku mkiliuza, bei mliyouzia hutolewa kwenye thamani iliyobaki, na ikizidi, ile ziada huhesabiwa kuwa pato.

Tuseme lori hilo ni la kampuni ya familia. Katika mwaka wa kwanza liliingiza Sh 150,000,000, na mafuta, matairi, matengenezo, bima na mishahara ya dereva na utingo vikachukua Sh 110,000,000. Zinabaki Sh 40,000,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Bila kuhesabu uchakavu, kodi ni Sh 12,000,000. Ukihesabiwa uchakavu wa Sh 20,000,000, kodi inakuwa Sh 6,000,000. Tofauti hiyo ya Sh 6,000,000 ni ada ya watoto na matibabu ya familia, na mtu huipata kwa kufuata sheria, si kwa kuikwepa.

Yapo mambo ambayo akina mama wengi hutuuliza. La kwanza ni mkopo. Riba ya mkopo wa biashara huingia katika matumizi, lakini marejesho ya deni lenyewe hayaingii. Bei ya lori inahesabiwa kwa njia ya uchakavu, haiwezi kuhesabiwa mara mbili. La pili ni matumizi ya nyumbani. Ada za shule, chakula na michango ya harusi si matumizi ya lori, hata kama fedha imetoka mfukoni mwa dereva. La tatu ni faini za kuvunja sheria na rushwa. Hizo sheria haizikubali kabisa. Mwenye kutoa fedha kichochoroni huilipa mara mbili, maana anaitoa na bado anatozwa kodi juu yake.

Ni vizuri pia kujua kwamba mtu binafsi mwenye biashara ndogo anayelipa kodi ya makadirio ya jumla, isiyohitaji mizania, hahesabiwi uchakavu. Viwango vya kodi hiyo hubadilishwa na sheria za fedha, kwa hiyo kila mwaka inafaa kuuliza ofisi ya TRA au mhasibu anayeaminika mko kundi gani.

Lakini hata kama familia yenu haihesabiwi punguzo hilo, lori halitaacha kuchakaa. Hapa ndipo tunapotaka tusikilizane vizuri. Katika mfano wetu, baba anarudi nyumbani akisema tumepata faida ya milioni 40. Tunajenga, tunanunua makochi, tunamchangia shemeji anayeoa. Kwa kweli milioni 20 kati ya hizo si faida. Ni kipande cha lori kilichogeuka fedha. Tukizitumia zote, tumekula lori. Baada ya miaka michache injini inakufa, hakuna akiba ya kununua jingine, na nyumba iliyozoea kushiba inaingia katika madeni. Ugomvi mwingi wa ndoa tunaoletewa tuombee ulianzia hapo.

Tufanye nini basi? Katika uuguzi tulifundishwa kwamba kazi isiyoandikwa haihesabiki kuwa imefanyika. Dawa ukishampa mgonjwa, andika. Lori nalo liwe na faili lake. Ndani yake muwe na mkataba wa kununulia, kadi ya gari, nyaraka za forodha kama liliagizwa kutoka nje, bima, na karatasi za mkopo. Kila dereva anaporudi, akabidhi risiti za mashine za EFD, nazo zipangwe kwa mwezi. Kwa kuwa maandishi yake hufutika, zitoleeni nakala mapema. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5. Na faili likae nyumbani, mahali wote wawili mnapopajua.

Kumuuliza mume habari za faili si kumdharau. Chagua saa nzuri, baada ya chakula, mwambie, "Baba watoto, nisaidie nijue hesabu za gari letu, nami nikusaidie kuzitunza." Mwanamke yule anayesifiwa katika Mithali 31 alilifikiria shamba kabla ya kulinunua, na mumewe alimwamini. Naye Bwana wetu alipoulizwa habari za kodi ya Kaisari, aliomba kwanza aonyeshwe sarafu. Basi nasi tusione aibu kutazama fedha na kuhesabu. Kulipa kodi tunayodaiwa kwa haki ni uaminifu. Kutunza karatasi ili watoto wasinyang'anywe kilicho chao ni upendo.

Jioni ya leo ulizeni nyumbani mkataba wa lori uko wapi. Mkiupata, uwekeni katika faili. Mkiukosa, mtafuteni aliyewauzia angali hai, awaandikie. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.