Mgeni, Mwenyeji na Hoteli ya Beira



Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" tumeifundisha kwa miaka mingi, nasi tumezoea kuieleza kwa maneno machache: mgeni huja na heri, na mwenyeji hunufaika kwa ujio wake. Siku moja mwanafunzi alituuliza, "Je, Mwalimu, na mwenyeji asipopona?" Darasa likacheka. Hatukuwa na jibu, tukaendelea na somo. Swali hilo hutujia upya kila tusomapo habari za Grande Hotel ya mjini Beira, nchini Msumbiji.

Beira haiko mbali na Sofala, bandari ya kale ambako wafanyabiashara wa Kilwa walifuata dhahabu ya bara kabla Wareno hawajajenga ngome yao hapo mwaka 1505. Wageni, basi, hawakuwa jambo geni. Lakini mwaka 1891 Ureno iliipa Kampuni ya Msumbiji hati ya kutawala Manica na Sofala, na hadi mwaka 1942 kampuni hiyo ilitoza kodi na kuwatumikisha watu kazi ya shokoa.

Katikati ya miaka ya 1950 ndipo hoteli ilipofunguliwa, karibu na ufuko wa Bahari ya Hindi: vyumba zaidi ya 100, ngazi pana, kumbi za fahari, na bwawa kubwa la kuogelea. Walitarajiwa matajiri, wakiwamo walowezi wa Rodesia waliozoea kushuka Beira kutafuta bahari. Wageni hao hawakutosha, gharama zikashinda mapato, na mwaka 1963 hoteli ikafungwa. Haikutimiza hata miaka 10.

Na mwenyeji je? Hadi mwaka 1961 sheria ya Ureno iliwatenga raia na "indígena", yaani wenyeji. Sisi walimu wa lugha hatuna budi kulitazama neno hili. Kwa Kiswahili, mwenyeji ndiye mwenye mji. Ndiye afunguaye mlango na kusema karibu. Kwa sheria ile, kuwa mwenyeji kulikuwa ni kukosa haki za uraia na kuweza kulazimishwa kazi.

Msumbiji ilijipatia uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Haukupita muda mrefu ila vita vya ndani vikazuka, vikadumu tangu 1977 hadi 1992, vikawafukuza watu vijijini mwao. Wengi walikimbilia Beira, na baadhi yao wakapata hifadhi katika vyumba vya hoteli ile. Hata leo wamo humo watu zaidi ya 1,000, bila umeme wala maji ya bomba. Mbao za sakafu ziligeuzwa kuni, na bwawa likawa mahali pa kufulia nguo. Kimbunga Idai kilipoupiga mji mwezi Machi 2019, jengo lilibaki limesimama, na watu wakiendelea kuishi ndani yake.

Wako wanaosikitika kwamba jengo zuri limeharibiwa. Sisi twauliza: lilikuwa zuri kwa nani? Hata hivyo, hatuthubutu kusema kwamba sasa mwenyeji amepona. Watoto wanaocheza kando ya mashimo ya lifti zilizong'olewa hawajapona. Wamepata paa tu.

Basi tungemjibu nini mwanafunzi wetu? Tungemwomba alitazame tena neno "apone". Methali haikusema "hupona", wala "atapona". Kitenzi hicho kimo katika hali ya kutaka, si ya kuarifu. Wahenga hawakutoa habari. Walimwekea mgeni sharti, na ajaye bila kulitimiza hana haki ya kujifunika kwa methali hiyo.

Mwanafunzi yule amekwisha maliza shule. Lakini wenziwe wangali wanakuja, na atakapotokea mwingine wa kuuliza swali lile, tunakusudia kuliacha somo lingoje.