Ndama Aliyekataa Chupa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu tumekulia penye ng'ombe, na pengine mtauliza: ndama ana habari gani ya kuandikwa katika gazeti la shule? Nasema anayo, maana ndama huyu nusura afe kwa uvivu wangu, na zaidi kwa uongo wangu.

Likizo ya Desemba iliyopita nilipanda basi hapa Bukoba, nikashuka Muhutwe, nikakwea kilima kwa pikipiki hadi nyumbani kwetu Kamachumu, wilaya ya Muleba. Nilipofika nilikuta simanzi. Ng'ombe wetu wa maziwa alikuwa amekufa juma lile kwa ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe. Alikuwa ameacha ndama jike wa siku kumi na mbili.

Tena ndama huyo hakuwa wetu. Mama alimpata ng'ombe yule kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Katika mpango huo anayepewa mtamba huwa na deni moja: ndama jike wa kwanza, akiisha kuachishwa maziwa, hupewa mtu anayefuata katika kikundi. Aliyefuata alikuwa jirani yetu, mama mjane. Kila mtu wa huku anajua kwamba kibanja hutaka samadi, na migomba ya mama yule ilikuwa imekonda kwa kuikosa. Alikuwa amekwisha kujenga banda, naye alikuja kila Jumapili kumtazama ndama wake. Kwa hiyo Bibi alimwita ndama yule Amana.

Kazi ya kumnywesha nilipewa mimi. Mama alinunua maziwa kwa jirani mwingine, lita 3 kwa siku, akanionyesha utaratibu: lita 1 asubuhi, lita 1 mchana, lita 1 jioni, maziwa yawe na joto kama yatokayo kiweleni, chupa na chuchu yake ya mpira zioshwe kwa maji ya moto kila mara. Juma la kwanza nilifanya hivyo. Amana alikuwa akisikia mlio wa chupa anakuja mbio, anavuta mpaka nashika chupa kwa mikono miwili.

Hata siku moja vijana wenzangu wakaniita mpirani. Nilitoka kabla ya kumpa maziwa ya mchana, nikarudi giza limeingia. Moto jikoni ulikuwa umezimika. Chupa ilikuwa na mabaki ya asubuhi. Nikaisuuza kwa maji ya baridi, nikatia maziwa baridi, nikampa lita 2 kwa mara moja ili kufidia. Akanywa yote kwa pupa. Mama aliponiuliza, nikajibu, "Amekunywa vizuri, mama, mchana na jioni."

Asubuhi nilikuta anahara, kinyesi cheupe chenye harufu kali. Mchana alikunywa kidogo. Jioni alikataa kabisa. Niliitia chuchu mdomoni, akageuza kichwa. Maziwa yakachuruzika pembeni mwa midomo. Nikaogopa. Nikamwinua kichwa ili nimmiminie kwa nguvu.

Bibi alinishika mkono. "Usimmiminie, mjukuu wangu. Asiyemeza hanyweshwi. Yatamwingia mapafuni, na hapo hutamwona tena."

Mama akauliza, "Jana ulimpa nini?"

"Kama kawaida, mama."

Hapo mama akaamini kwamba ndama ameambukizwa ndigana kama mama yake. Akampigia simu bwana mifugo, akaanza kutafuta mtu wa kumkopesha fedha, maana dawa ya ndigana ni ghali. Jirani yetu mjane naye akaja na fedha alizoweka kwa ajili ya ada ya mwanawe. Nilimwona akizihesabu juu ya mkeka, noti moja moja.

Bwana mifugo alifika asubuhi kwa pikipiki. Alimpima Amana joto, likawa nyuzi 38 na nusu, yaani la kawaida. Akapapasa matezi ya chini ya masikio na ya mabegani, hayakuvimba. Akafinya ngozi ya shingo; ilikawia kurudi mahali pake, na macho yalikuwa yamezama. Kisha akatugeukia akauliza, "Ni nani anayemnywesha? Nini kilibadilika?"

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Niliziangalia zile fedha mkononi mwa jirani, nikashindwa kunyamaza. Nilieleza yote: mpira, chupa chafu, maziwa baridi, lita 2 kwa pamoja. Hakuna aliyenipiga. Mama alinitazama tu, na hilo lilinichoma kuliko fimbo.

Bwana mifugo akasema, "Ungalisema jana, tungalianza jana. Huyu hana ndigana. Tumbo limeharibika, na anayekauka maji hufa upesi." Akatufundisha kuchanganya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa hata yakawa vuguvugu, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ni yale yale wanayopewa watoto wanaohara. Tumpe kidogo kidogo mara nyingi, na maziwa tumpe kwa saa zake mbali, kidogo pia. Alale pakavu, asipigwe na baridi.

Usiku ule nililala bandani. Nilimtandikia nyasi kavu za rweya, nikamfunika gunia. Kila baada ya muda nilichovya kidole katika maji yale nikakitia mdomoni mwake. Ulimi wake ulikuwa wa baridi, haukufanya lolote. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Jogoo wa kwanza alikuwa amekwisha kuwika niliposikia kidole changu kinavutwa. Kwanza kwa unyonge, kisha kwa nguvu. Nikaleta chupa polepole pembeni ya kidole, nikakiondoa. Akanywa kama robo lita. Siku ya tatu alisimama, na baada ya juma moja alikuwa akinikimbilia tena.

Jirani yetu aliposikia alikuja, akamshika Amana masikio, akaniambia, "Aliugua kwa ulimi wako, mwanangu, akapona kwa kidole chako. Shika vyote viwili."

Likizo ya Juni tulimpeleka Amana kwake mbele ya kikundi. Mimi ndiye niliyeshika kamba.

Wenzangu, kukosea kila mtu hukosea. Lakini anayekutibu, awe bwana mifugo, daktari au mwalimu, hutibu kile ulichomwambia. Ukimficha, atatoa dawa ya ugonjwa mwingine, na fedha zitakazopotea huenda zikawa ada ya mtoto wa mwenzako.