Usinihesabie Miche, Niambie ni Mti Gani

Mvua ikikaribia tu, simu yangu inajaa picha za watu wameinama na jembe, tisheti safi, mche mmoja mkononi. Poa. Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hadi siku ya mapumziko tukapande. Mimi sina noma na miti. Nauliza tu: mti gani?

Uliza watu wa Marigat, kule Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliletewa mti ambao asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, uwape kuni na uzuie jangwa. Nia ilikuwa safi, tusidanganyane. Ukame haukuuweza, na kivuli kilipatikana. Wakenya tunauita mathenge.

Halafu mathenge ukaanza kujipanda wenyewe. Maganda yake ni matamu, mbuzi wanayala, mbegu zinapita tumboni bila shida na kuota pale kinyesi kimeanguka. Yaani mbuzi wako ndiye anausambaza! Mizizi inafuata maji chini kabisa, na juu vichaka vinashikana hadi nyasi zinapotea. Migunga ya kienyeji, ambayo mifugo imeitegemea tangu zamani, ikasongwa. Miiba inatoboa tairi, sembuse mguu wa mtoto anayechunga. Na ule utamu wa maganda unaozesha meno ya mbuzi. Mbuzi bila meno atakula nini?

Mwaka 2006 wakaazi, Wailchamus, waliishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa kortini kama ushahidi. Watu husimulia hiyo stori wakicheka. Mimi hunikera. Kwa mfugaji, yule mbuzi ni karo ya shule, ni mahari, ni maziwa ya watoto. Mwaka 2008 serikali hiyo hiyo ikautangaza mathenge kuwa gugu hatari. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hapo katikati.

Siku hizi kuna wanaouchoma makaa, na pesa inaingia, sikatai. Lakini ukiukata ukaacha kisiki, unachipuka tena, matawi mengi kuliko mwanzo.

Kwa hivyo ukinialika kupanda msimu ujao, nitakuja. Ila nitakuuliza huo mche unaitwaje, asili yake wapi, na nani anayeishi hapo aliulizwa kabla shimo halijachimbwa. Ukiniambia "si ni miti tu", nabeba jembe langu narudi keja.