Kuhamisha Sanduku la Barua

Wazee wa Kolwezi waliofanya kazi Union Minière walikaa katika nyumba za kampuni. Kazi ndiyo iliyokupa mlango. Akaunti ya barua pepe ya mwanafunzi iko hivyo hivyo. Yangu itafungwa mwisho wa mwezi huu.

Barua nyingi zilizomo hazinisumbui: matangazo ya mitihani, ada, ratiba iliyobadilishwa mara tatu. Kinachoninyima usingizi ni sauti. Kwa ajili ya tasnifu nilirekodi akina mama wazee wakisimulia maisha ya kambi za wafanyakazi, kwa Kiswahili chetu cha huku, kinachosema bantu kwa watu na kintu kwa kitu. Mmoja wao, niliyemwita Mama Mukubwa, amefariki. Simu niliyomrekodia iliibiwa. Sauti yake imebaki humo tu.

Wenzangu wengi wanadhani kupakua barua kunatosha. Gmail haitumi kiambatisho kinachozidi megabaiti 25; rekodi ndefu huenda Drive, na barua hubeba kiungo tu. Ukihifadhi barua peke yake, umehifadhi bahasha tupu. Katika Google Takeout chagua vyote viwili, Gmail na Drive. Faili ambayo mmiliki wake ni mtu mwingine, ipakue mwenyewe moja moja. Barua hutoka kama faili ya mbox, inayosomeka kwa Thunderbird hata bila intaneti. Viambatisho humo vimegeuzwa kuwa herufi, baiti 3 kwa herufi 4, hivyo megabaiti 15 za sauti huwa 20. Anayenunua megabaiti kwa fedha yake alijue hilo. Umeme je? Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, kwenye Lualaba hii hii, lakini mimi napakua usiku, kwa vipande vya gigabaiti 2, ili ukikatika nirudie kipande kimoja.

Mhadhiri mmoja alinishauri nibaki na unukuzi, sauti niiache. Kwa heshima zote, sikubali. Unukuzi ni maamuzi yangu: kama Mama alisema mayi au maji, sikio langu ndilo lililokata shauri. Mwaka 1965 André Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya Lubumbashi machoni pa waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Tunaisoma leo kwa sababu nakala ilibaki, na Johannes Fabian akaichapisha 1990. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara nakwama pale pale: maneno ninayo, matamshi ya wenyewe sina.

Nakala ya kwanza iko kwenye diski yangu, ya pili kwa kaka yangu Likasi. Ya tatu ni ya binti yake Mama. Hana kompyuta, ameomba flashi ya kuchomeka kwenye redio ya sebuleni, kwa hiyo jioni hii nabadili faili ziwe MP3.