Kisicho Namba

Msomaji kijana, nakusimulia kosa langu ili lisije likawa lako. Nikiwa nyumbani Tuwan, mjini Kitale, niliandika programu ya kompyuta kwa ajili ya kikundi cha wakulima wa mahindi. Kazi yake ilikuwa kugawanya kilo za kila mkulima kwa idadi ya magunia yake. Na yeyote ambaye wastani wake ulipungua kilo 90 kwa gunia, jina lake liandikwe katika orodha ya waliopunja.

Siku ya hesabu, wastani wa kikundi kizima haukuonekana. Mahali pake palikuwa na herufi tatu, NaN, yaani si namba. Nilikesha nikitafuta chanzo, nikakipata: mama mmoja mjane hakuleta hata gunia moja. Programu ilikuwa imegawanya sifuri kwa sifuri. Katika lugha ya JavaScript niliyoitumia, tano kwa sifuri huleta kisicho na mwisho. Lakini sifuri kwa sifuri haina jibu moja, maana namba yoyote ukiizidisha kwa sifuri hupata sifuri. Kwa hali kama hiyo, kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo William Kahan alikuwa msanifu wake mkuu, iliweka alama hiyo. Jumla yoyote inayoguswa nayo huharibika, kama mtungi wa maji uliotiwa tone la mafuta ya taa.

Niliandika sharti: wastani ukiwa sawa na NaN, urukwe. Sharti halikufaa kitu, kwa kuwa NaN haiwi sawa na chochote, hata na nafsi yake. Kwa uchovu nikaweka sifuri mahali pake. Hesabu zikatulia, lakini katika orodha ya waliopunja likatokea jina la yule mama! Niliona haya. Mtu ambaye hakuleta gunia nilikuwa nimemwita mwizi wa kilo.

Niliifuta sifuri ile, nikauliza swali jingine: je, thamani hii inatofautiana na nafsi yake? Ikiwa ndivyo, si namba. Iandikwe "hakuleta", wala isiingie katika wastani. Kulipokucha, orodha ilikuwa safi.

Ewe msomaji, sifuri ni jibu. Kukosa jibu ni jambo jingine. Mficha maradhi kifo humwumbua. Usiposhika jibu, kiri kuwa hunalo, kuliko kuandika namba itakayomvunjia mwenzako heshima.